Masera Anatufundisha Kupumua

Jumatatu, tarehe 3 Juni 1968

Tena leo. Masera Godeliva, mtawa wetu Mzungu, amelala chali juu ya mkeka katikati ya chumba cha maternite, nyumba ya kuzalia. Amefunga kanzu yake nyeupe kwa kamba kwenye miguu ili isipande. Mkono mmoja juu ya tumbo. Anapumua. Wanawake kumi na mmoja wenye mimba wanamtazama kama watu wanaotazama ng'ombe aliyeanguka mtaroni. Mimi nimesimama kando. Kazi yangu ni kusema kwa Kiswahili yale anayoyasema kwa Kifaransa.

Infirmier, muuguzi aliyekuwa akifanya kazi hii, alipelekwa Walikale baada ya Pasaka. Masera akaja shuleni kuomba mwanafunzi mwenye Kifaransa kizuri. Nikachaguliwa mimi kwa sababu ya dikte, imla ninayoandika bila kosa. Hakuna aliyeuliza kama msichana anayeandika vizuri anaweza pia kufungua kinywa. Hawezi. Nina miaka kumi na sita, na mbele ya watu watatu koo langu linajifunga.

Leo nilisema: vuta pumzi kwa pua, polepole, tumbo lipande, halafu itoe kwa kinywa, polepole zaidi. Sauti yangu haikufika hata ukutani. Mama mmoja wa Kirolirwe akauliza: "Mamzeli, unaambia nani? Mukeka?"

Wakacheka. Mwingine akasema yeye anapumua tangu siku ya kuzaliwa na hakuna mtu aliyemlipisha minervali, karo ya shule. Wakacheka tena. Masera akaniuliza wanasema nini. Nikamwambia wanafurahi.

Nimechoka nao wote. Nimechoka na Masera pia, na ule mkeka.

Lakini siwezi kuacha, kwa sababu dada yangu Furaha yumo kati ya wale kumi na mmoja.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Niandike jambo lenyewe, kwa sababu nyumbani hatulisemi.

Mwaka jana Furaha alizaa mara ya kwanza. Alizalia nyumbani kwa mama mkwe wake, Mama Bahati. Siku mbili. Kwetu mwanamke akizaa hapigi kelele. Jirani asikie mtoto tu, asimsikie mama. Mama Bahati amezaa saba hivyo, na kila siku lazima akumbushe watu. Furaha alikaza meno siku mbili hata akajiuma mdomo wa chini, kovu liko mpaka leo. Mtoto alitoka amekwisha kufa. Mvulana. Hawakumpa jina.

Tangu pale Furaha hapumui kama watu. Anapumulia juu, hapa kwenye mabega, haraka haraka, kama kuku aliyefukuzwa. Halali. Ukifunga mlango kwa nguvu anashika kifua. Sasa mimba nyingine imekwisha kuingia mwezi wa tisa. Masera anasema woga unafupisha pumzi, pumzi fupi inakaza mwili, mwili uliokazwa unaumia zaidi, maumivu yanaleta woga mpya. Ni duara. Anasema pumzi ndefu ndiyo mahali pa kulikata, kwa sababu moyo hatuwezi kuuamuru, tumbo hatuwezi kuliamuru, lakini pumzi tunaweza.

Masera anataka Furaha azalie maternite. Mama Bahati hajakubali. Bahati mwenyewe, mume wa Furaha, anafanya kazi kwenye fermu ya ng'ombe Kirolirwe, anarudi kila majuma mawili na kusema "mama ataamua". Mwanaume mzima.

Mama Bahati anaamua. Anakuja na Furaha kwenye kila somo, anakaa karibu na mlango, mikono imekunjwa. Anasikiliza kila neno langu.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Nimefanya kitu kibaya. Nitakiandika chote.

Leo Masera alifungua kitabu chake kilichotoka Ulaya. Somo la uchungu mkali. Akapiga magoti juu ya mkeka, akafungua kinywa, akatoa ulimi kidogo, akaanza kuhema: ha, ha, ha, ha. Akaniambia niwaeleze: uchungu ukifika juu kabisa, mwanamke apumue hivi, kama mbwa mdogo.

Mbwa.

Nilimtazama Mama Bahati. Alikuwa ameshatazama kando, kama mtu aliyeona uchi. Kumwambia mwanamke mwenye mimba atoe ulimi kama mbwa, mbele ya mama mkwe wake! Kwetu hata mbwa akipita mbele ya mlango wa mzazi anafukuzwa kwa moto. Pumzi yangu mwenyewe ikakwama hapa juu. Na Masera anangoja, ulimi bado uko nje.

Nikasema: "Masera anasema, uchungu ukizidi, mufunge kinywa. Mushike pumzi. Mutulie."

Uongo. Kinyume kabisa. Sijui ulitoka wapi. Ninajua ulitoka wapi. Ulitoka kwenye uso wa Mama Bahati.

Mama Bahati akageuka, akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu somo la kwanza. Akasema kwa sauti: "Ile sasa njo maneno ya muntu muzima. Kumbe Masera iko na akili."

Nilifurahi. Njo aibu yenyewe, nilifurahi.

Wanawake wote wakafunga vinywa, mashavu yamevimba. Masera akaniuliza mbona hawahemi. Nikamwambia kwa Kifaransa safi, bila kosa hata moja, kwamba wanaona haya, watajizoeza nyumbani.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Nilikwenda kumsaidia Furaha kuteka maji. Kwenye njia ya chemchemi tumbo lake likakaza kidogo, ule uchungu wa majaribio unaokuja na kuondoka. Akasimama. Akafunga kinywa, akashika pumzi. Mimi nikaanza kuhesabu bila kutaka. Ishirini. Thelathini. Midomo ikageuka rangi. Macho yakapinduka, akakaa chini katika matope na dumu likabingirika mpaka kwenye migomba.

Nikampepea na kitenge. Alipozinduka alinitazama kwa furaha, kwa kweli kwa furaha. "Uliona, Riziki? Nilishika murefu sana. Njo vile ulitufundisha."

Nikaenda kulifuata dumu. Nilikaa kule kwenye migomba muda mrefu kuliko dumu lilivyohitaji.

Sikumwambia.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Misa. Nilikaa kwenye foleni ya kitubio. Nilipobakiza watu wawili nikatoka. Mwoga hata kwa Mungu.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Niliamka nimeamua. Nitamwambia Masera kabla ya somo, kwa Kifaransa, maneno manane tu. Niliyaandika kwenye kiganja. Nilipofika mlangoni kwake moyo ulikuwa unapiga kama watu wanaotwanga. Akainua kichwa, akasema "Oui, Riziki?" Nikasema sabuni ya kunawia imekwisha. Akanipa sabuni.

Ninajichukia.

Somo. Yule mama wa Kirolirwe alishika pumzi mpaka akaegemea jirani yake na kuanguka wote wawili. Hawakuumia. Masera alikasirika, akasema kwa nini mnafanya kinyume, nimesema hemeni, nimesema pumzi isisimame hata mara moja, mtoto naye anapumulia humo! Mimi niyatafsiri hayo. Mbele ya Mama Bahati. Nikasema: "Masera anasema mujizoeze vizuri."

Masera alisema sentensi tano, mimi nikasema moja, na hakuna aliyeshangaa. Wamezoea. Wanafikiri Kiswahili ni kifupi.

Mama Bahati akanena wakati wa kutoka, si kwangu, kwa hewa: "Kama mambo yenyewe ni kufunga kinywa, kwangu kuko mulango, kuko kitanda, kuko moto. Tutatembea saa mbili kuja huku kufunga kinywa?"

Kwa hiyo nimempa yeye sababu. Mimi. Kwa Kiswahili changu.

Jumanne, tarehe 11 Juni

Hatukuwa na masomo mchana. Mama alinichukua kubeba maharagi kutoka shamba la chini. Mwaka huu yamezaa vizuri mpaka yanaudhi. Kitunga mgongoni, kamba kwenye paji la uso, na ule mlima wa kwetu ambao hata mbuzi wanaupanda kwa kufikiri.

Tulikuwa wanawake sita. Chini walikuwa wanapiga mdomo, fulani kaoa, fulani kaachwa. Tulipofika pale penye ukali, wakanyamaza wote pamoja, kama siku zote. Mbele alikuwa mama yangu. Akapiga hatua tatu, akatoa pumzi kwa midomo iliyokusanywa: fuuuu. Nyuma yake wa pili: fuuuu. Wa tatu. Hatua tatu, fuuuu. Hatua tatu, fuuuu. Nimesikia sauti ile tangu nilipokuwa mgongoni. Sijawahi kuisikia.

Nilisimama. Kitunga karibu kinivute nyuma.

Mama akageuka kunitukana: "Unasimama na muzigo, wewe muzima? Toa pumuzi! Unaishika kama mwizi iko mu dari! Mulima haipandwe na pumuzi ya kufunga."

Mlima haupandwi na pumzi iliyofungwa. Wanajua! Wote wanajua. Uchungu unapanda, unafika juu, unashuka, Masera alichora hivyo ubaoni kwa chaki, mlima kabisa, na mimi mjinga mwenye dikte nikatazama mlima ule na nikaona chaki.

Nilijaribu njia nzima. Hatua tatu, fuuuu. Mabega yakashuka. Kile kitu kinachonikaba hapa kooni kikalegea kidogo. Nilipofika juu nilikuwa nimelowa na nimechoka lakini sikuwa na woga. Nilikumbuka kwamba nina woga baada ya kutua kitunga.

Jumatano, tarehe 12 Juni

Kesho. Nimejizoeza nyuma ya choo, mahali pekee pasipo na watoto. Navuta kwa pua, naitoa polepole. Mara kumi. Moyo unatulia kweli. Halafu namfikiria Mama Bahati na unaanza tena. Halafu mara kumi nyingine.

Mama ananiuliza kama nina tumbo la kuendesha.

Alhamisi, tarehe 13 Juni

Nimesema. Mambo yameharibika zaidi.

Nilikuja na kitunga tupu na kamba yake. Kabla Masera hajalala kwenye mkeka wake nikasimama mbele. Nikatoa pumzi mara tatu, sikujali nani anatazama. Nikasema kwa Kiswahili, na sauti ilifika ukutani: juma lililopita niliwadanganya. Masera hakusema mshike pumzi. Alisema msiishike kamwe. Niliona haya, nikabadilisha maneno yake.

Halafu nikasema yaleyale kwa Kifaransa kwa Masera. Hiyo ilikuwa ngumu zaidi kwa sababu Masera anajua kunyamaza. Akawa mwekundu, akawa mweupe. Akasema kwamba mtu angeweza kufa kwa sababu ya haya yangu. Alisema hivyo tu. Sikuwatafsiria. Hapana, niliwatafsiria. Nilijilazimisha.

Mama wa Kirolirwe alipiga makofi mara moja: "Mimi nilianguka juu ya mwenzangu, kumbe ni juu ya haya ya mamzeli!" Wengine wakacheka, na nashukuru walicheka.

Mama Bahati hakucheka. Akasimama.

"Juzi ulisema kufunga. Leo unasema kufungua. Kesho utasema bibi ya mwana wangu atembee na magoti. Mutoto mwenye anageuza maneno ya watu wakubwa, mimi siwezi kumuachia mimba ya nyumba yangu. Furaha, simama."

Furaha akasimama. Alinitazama. Nilifikiri atakasirika. Hakukasirika. Aliogopa, na tayari mabega yalikuwa yanapanda na kushuka, yale ya kuku. Wakatoka.

Nilivaa kitunga mbele ya wale tisa waliobaki na mmoja aliyechelewa. Nikapanda mlima juu ya sakafu ya saruji, hatua tatu, fuuuu. Walikwisha kuelewa kabla sijamaliza. Mama mmoja mzee kidogo, mimba ya nane, akasema: "Aa, ile tu! Masera angesema tangu zamani." Wakapanda wote wakiwa wamekaa. Chumba kikajaa upepo. Masera akasimama na kitabu chake mkononi, akasikiliza, akakifunga.

Ilikwenda vizuri sana. Na mtu pekee niliyemfanyia hakuwepo.

Ijumaa, tarehe 14 Juni

Furaha amekatazwa kurudi maternite. Atazalia nyumbani. Habari ililetwa na mtoto wa jirani akila muwa.

Nina hasira na kila mtu anayepumua.

Jumapili, tarehe 16 Juni

Baada ya misa Mama Bahati alinipita bila salamu. Mama yangu akasema nenda ukaombe radhi, na usiende mikono mitupu. Nikachukua kuku. Kuku yule alinya kwenye kitenge changu njia nzima.

Mama Bahati hakuwa nyumbani. Furaha alikuwa amelala upande mmoja bila usingizi. Akanionyesha kwa mkono: yuko shamba la chini. Nikamwachia kuku nikashuka. Nilimkuta anajaza kitunga. Nilikuwa nimeandaa maneno, njia nzima nimeyaandaa. Yakapotea. Nikasimama tu.

"Umekuja kunifundisha kupepeta?" akauliza.

Nikatikisa kichwa.

"Basi beba."

Nikabeba kitunga cha pili. Tukapanda, yeye mbele. Ana miaka mingi, labda sitini, na mgongo wake ni kama jiwe. Penye ukali akanyamaza. Hatua tatu, fuuuu. Hatua tatu, fuuuu. Mimi nyuma. Nilimfuata pumzi kwa pumzi. Katikati ya mlima alisikia, akageuka kidogo, akaendelea.

Juu, alipotua, nilisema kabla koo halijafunga: "Mama, ile yenye umefanya sasa hivi njo Masera anafundisha. Si kelele. Hakuna jirani atasikia. Ni ile tu."

Alikaa juu ya jiwe. Akajipangusa uso.

"Ile ya kupandia?"

"Ndiyo, Mama."

"Masera alipanda mulima wapi?"

"Hakupanda. Ni kitabu."

Alicheka kwa pua. "Ile nilionyeshwa na mama yangu, na mama yangu alionyeshwa na wake. Anatoka kwao na ndege kuja kuniuzisha kitunga yangu mwenyewe." Halafu akaegemeza mikono juu ya magoti. Nilifikiri amemaliza. Akasema, bila kunitazama: "Yule wa mwaka jana. Nilikuwa nayo hapa, kila siku naipandia mulima, na sikumupatia Furaha. Nilimuambia afunge kinywa."

Nikakaa chini kando ya jiwe lake. Sikusema. Safari hii kunyamaza kwangu hakukuharibu kitu.

Alisimama, akavaa kamba kwenye paji. "Maternite iko na kitanda ya musindikizaji? Mimi silali chini."

Jumanne, tarehe 18 Juni

Furaha ananiambia kwamba mama mkwe anamfundisha. Asubuhi na jioni, wamekaa uso kwa uso kwenye kizingiti. Anamfundisha kama anayemwachisha wizi. "Tena! Iko mufupi! Unapuliza moto ao unapuliza homa?" Furaha anasema jana alilala mpaka jogoo. Anasema hakumbuki mara ya mwisho.

Mama Bahati anawaambia majirani kwamba Masera alijifunza kwake. Sawa. Sina nguvu za kubishana.

Jumatano, tarehe 19 Juni

Nitaandika kwa mpangilio.

Ilianza asubuhi, wakati tunaota moto. Mvua ya juzi ilikuwa imebomoa njia, kamiyo wala gari lolote halipiti. Wanaume wanne wakamweka Furaha kwenye kipoyi, machela ya miti. Mama Bahati kando ya kichwa, mimi kando ya miguu na furushi la nguo. Saa mbili za njia.

Kwenye mwinuko wa kwanza uchungu ukaja na Furaha akafanya kama zamani. Meno. Mdomo wa chini. Macho yakatoka. Nikaona kovu lake limekuwa jeupe. Nikamwita, hakunisikia. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshika pumzi, naona haya kuliandika.

Mama Bahati akasimamisha wabebaji. Akainama mpaka uso wake ukagusa wa Furaha na akapuliza. Fuuuu, kwenye uso wake. Kama unavyopuliza jicho la mtoto lenye takataka. Tena. Tena. "Sisi tunapanda. Usinifungie mu mulima. Panda na mimi." Mara ya nne midomo ya Furaha ikaachana, na ikatoka pumzi ndogo, mbaya, yenye mikwaruzo. Halafu ndefu kidogo. Wabebaji wakaanza kutembea, na sijui nani alianza, wakatembea kwa kipimo kile. Hatua tatu, fuuuu. Wanaume wanne wenye ndevu. Mmoja wao ni katekista.

Maternite. Masera alifungua mlango, akamwona Mama Bahati, wakatazamana. Mimi nikatafsiri mambo yote, kila neno, pande zote mbili, hata matusi. Kwa sababu matusi yalikuwepo. Kitabu cha Masera kinasema kuzaa bila maumivu. Saa sita mchana Furaha alimwambia: "Muambie, Riziki, muambie: yeye alizaa lini?" Nikamwambia. Masera akasema hakuzaa kamwe na kwamba huenda kitabu kimezidisha. Ni haki kuandika hivyo. Maumivu hayakuondoka. Yalikuwa makubwa, niliyaona. Lakini kila yaliposhuka Furaha alirudi, mabega chini, akaomba maji, akalijua jina langu. Mwaka jana, Mama Bahati anasema, baada ya jioni ya kwanza hakumjua mtu.

Na mwishoni kabisa pumzi zote zikamshinda na akapiga kelele. Kelele! Nadhani hata watu wa Mweso, mbali kule, walisikia. Akanyamaza mara moja, akamtazama mama mkwe wake kwa hofu.

Mama Bahati akasema: "Piga, mwana wangu. Majirani wako mbali."

Akapiga. Mtoto akatoka katika kelele ya pili, naye akaijibu. Msichana. Mzima. Ana nywele kama za mtu mwenye kazi ofisini.

Nilitoka nje, nikakaa kwenye ngazi, nikalia mpaka nikapata kwikwi. Masera akaja akakaa karibu nami, kanzu yake ina damu. Hatukusema chochote kwa lugha yoyote.

Ijumaa, tarehe 21 Juni

Masera anataka niendelee muhula ujao. Nimemwambia nitaendelea kama ataacha mbwa. Nimemwambia hivyo mbele ya masera wengine wawili. Koo lilifunga kidogo, likafunguka.

Mtihani wa mdomo wa Kifaransa ni Jumatatu. Naogopa kama zamani. Tofauti ni kwamba sasa najua la kufanya na ule woga mpaka zamu yangu ifike.

Jumamosi, tarehe 29 Juni

Shule zote zinafanya mazoezi ya defile, gwaride la Uhuru la kesho. Ngoma zinasikika kutoka Masisi kati, zinasimama, zinaanza upya. Niliruhusiwa kwenda kwa Furaha.

Mama Bahati alikuwa anaanika nguo ndogo. Furaha akamwambia anataka kutoka kidogo nyuma ya nyumba. Siku zake za kukaa ndani hazijaisha. Mama Bahati alitufungulia njia kati ya nguo.

Tulikwenda polepole mpaka mwisho wa migomba. Hakuna msalaba pale. Mtu mwingine angepita tu. Mtu amepanda maboga karibu, lakini pale penyewe ameacha.

Furaha alikaa chini. Akaniomba nimsogezee mtoto, nikamwekea mapajani. Alifunua kitambaa kwenye uso wa mtoto na kumgeuza kidogo, upande ule. Alikaa hivyo. Mabega yake yalikuwa yametulia. Mtoto alikuwa amelala, kinywa wazi.

Baada ya muda alisema amepata jina.

"La msichana?" nikauliza.

"La musichana niko nalo tangu juzi," akasema. Akaweka kiganja juu ya udongo. "La huyu."

Akaniambia. Sitaliandika hapa, ni lake. Jua lilikuwa limefika kwenye maboga. Tulikaa mpaka mtoto akaamka na kutaka maziwa.